TUONYESHENI DAFTARI KWANZA

Maoni ya Wahariri



Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Katika miezi iliyo kabla ya Julai, Serikali ya Taifa na Serikali ya Kaunti ya Nairobi hupanga ni fedha ngapi zitatozwa, zitatozwa kwa nani, na zitatumika wapi. Miezi hiyo ndiyo ambayo sisi watu wa Eastlands huwa kimya kabisa. Julai ikifika, tukaona mshahara umepungua na nauli ya matatu imepanda, ndipo tunapoanza kupiga kelele kwenye vituo vya basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo karatasi hii yataka kusema neno juu ya kodi mapema, watu wakiwa wametulia. Si neno la chama cha siasa. Wanachama wetu ni watu wa kila chama cha siasa, wa kila kabila na wa kila dini, na mchango wa chama hukatwa kwa wote sawasawa. Ni neno la watu wanaoishi kwa mshahara, wanaojua shilingi moja inapotoka na inapokwenda.

MSIMAMO WETU

Kwanza tuseme wazi ya kwamba hatukatai kulipa kodi. Mtu anayesema kodi zote zifutwe anataka taa za barabarani ziwashwe na malaika. Maji ya bomba, mitaro ya maji machafu, zahanati, shule na askari wa usiku, yote haya yana gharama, nasi twayataka yote.

Lakini twaamini mambo ya zamani ambayo wazazi wetu walituamini nayo. Mtu asitumie kuliko anavyopata. Akikopa, akope kwa kitu kitakachomlipa. Akichangiwa fedha za kununua mabati, asinunue viti. Tena jambo ambalo watu waweza kulifanya wenyewe kwa umoja wao, wasinyang'anywe fedha zao ili mwingine aje kuwafanyia kwa bei ya juu. Sheria hizi nne zatawala nyumba ya kila mfanya kazi wa Makongeni na Mbotela. Hatuoni kwa nini zisitawale Hazina ya Serikali na City Hall.

WAZEE WETU WALIVYOLIPA

Kodi ya kibanda iliingizwa katika nchi hii mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Serikali ya wakoloni ilitaka fedha, na tena ilitaka watu watoke vijijini wakatafute kazi ya mshahara kwa walowezi, katika reli na mjini. Basi kodi ndiyo iliyowaleta wengi wa babu zetu Nairobi.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kodi hiyo ilipandishwa ikafika shilingi 16, na mwaka 1921 waajiri Wazungu wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mzigo uliongezwa na chakula kikapunguzwa kwa wakati mmoja. Bwana Harry Thuku, ambaye alikuwa mwandishi wa simu katika Hazina hapa Nairobi, alisimama akasema jambo hilo si haki. Alikamatwa Machi 1922. Wafanya kazi wakagoma, wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alimofungwa, na tarehe 16 Machi wakapigwa risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Baadaye kodi ilirudishwa shilingi 12. Tukumbuke ya kwamba mkutano mkubwa wa kwanza wa wafanya kazi wa mji huu ulihusu mambo mawili: mshahara na kodi. Mambo hayo hayaachani hata leo.

Hata pombe ilikuwa kodi. Tangu miaka ya 1920 Manispaa ilikuwa na kilabu chake cha pombe Pumwani, na faida yake ndiyo iliyolipia mambo mengi ya Waafrika wa mji. Kwa hiyo Mwafrika alitozwa kodi ya kichwa, kisha akanyweshwa, kisha akaambiwa ashukuru kwa huduma aliyojilipia mwenyewe.

Baada ya Uhuru tulikuwa na kodi ya GPT, iliyopanda kadiri ya mapato ya mtu. Mwaka 1973 ilifutwa na watu wakafurahi. Lakini mwaka huo huo ilianza kodi ya mauzo, na mwaka 1990 kodi ya mauzo ikageuka kuwa VAT. Mwaka 1988 ilitungwa sheria ya kukata wafanya kazi mijini ada iliyoitwa service charge. Nayo ikaondoka yakaja mambo mengine. Funzo ni hili: kodi hufa mara chache sana. Kwa kawaida hubadilisha jina ikahamia chumba cha pili, na mwenye nyumba ni yule yule.

KARATASI YA MSHAHARA

Sasa tufanye hesabu kwa kalamu, maana hasira bila hesabu ni kelele tu. Tumchukue ndugu mwenye mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi. PAYE tuiache kando.

Mwaka 2022 ndugu huyo alikatwa shilingi 200 za NSSF na shilingi 900 za NHIF. Jumla 1,100. Kuanzia Februari 2023 NSSF iliacha shilingi 200 ikaenda kwa 6%, na kiwango cha juu kikawa kinapanda kila mwaka. Kwa ndugu yetu ni shilingi 1,800. Oktoba 2024 NHIF iliondoka, ikaja SHIF ya 2.75%, nayo kwake ni shilingi 825. Ushuru wa nyumba ni 1.5%, yaani shilingi 450. Jumla ni shilingi 3,075. Ndugu huyu amepungukiwa na shilingi 1,975 kila mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 23,700.

Mgala muue na haki mpe. Katika hizo 1,975, shilingi 1,600 ni nyongeza ya NSSF, nayo ni akiba yetu wenyewe ya uzeeni. Akiba haiozi, maadamu inatunzwa na watu waaminifu na haichezewi na wanasiasa. Hatuiiti kodi. Tena kwa ndugu huyu fedha za hospitali zimepungua kwa shilingi 75. Lakini mwenye mshahara wa 80,000, kwa mfano fundi mkuu au mwalimu mkuu, ametoka shilingi 1,500 hadi 2,200, wala kitanda chake hospitalini hakikuongezwa godoro. Kilicho kodi mpya kabisa, ambayo hakuna aliyekuwa nayo mwaka 2022, ni ushuru wa nyumba.

Haya ndiyo yanayoonekana. Yasiyoonekana ni makubwa zaidi. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ya petroli ilipandishwa kutoka 8% hadi 16%. Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Mtu asiye na gari hudhani hayo hayamhusu. Lakini nyanya za Wakulima Market hazitembei kwa miguu kutoka Kirinyaga, wala matatu ya Kayole haiendeshwi kwa maji. Kodi ya mafuta hulipwa na kila mtu anayekula. Tena yule mwenye kipato kidogo hulipa sehemu kubwa zaidi ya alicho nacho, kwa sababu mshahara wake wote huishia dukani na njiani.

JUU YA USHURU WA NYUMBA

Jambo hili twapenda kulikalia kidogo, maana sisi wa Eastlands ni watoto wa nyumba za serikali na za waajiri. Kaloleni ilijengwa na Manispaa katika miaka ya 1940. Muthurwa na Makongeni zilijengwa kwa ajili ya watu wa reli. Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo, Jericho na Jerusalem zikafuata. Umoja na Dandora zilikuja katika miaka ya 1970, na huko Dandora mtu alipewa kiwanja chenye maji na choo akajijengea vyumba mwenyewe polepole.

Ushuru wa nyumba ulianza na Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama Kuu iliukataa mwezi wa Novemba mwaka huo, na Serikali ikatunga sheria mpya iliyotiwa sahihi Machi 2024. Mfanya kazi hutoa 1.5% na mwajiri wake hutoa kiasi hicho hicho. Kulipa hakukupi nyumba. Atakayepata nyumba ataomba, na akipewa atailipia tena.

Wako ndugu wanaotuambia, "Mwaupinga kwa sababu ninyi mna pa kulala. Je, watu wa Mukuru na Kiambiu? Na vijana wetu waliopata vibarua vya ujenzi?" Maneno haya yana uzito, wala hatuyadharau. Kijana aliyepata kibarua cha mjengo ni afadhali kuliko yule anayeshinda barazani. Lakini twauliza maswali matatu. La kwanza: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha za kodi ya nyumba. Kwa nini wajibu wa mwajiri usisimamiwe kwa nguvu kwanza, kabla ya kumkata mfanya kazi? La pili: ndugu zetu wengi wamejiunga katika SACCO, wakanunua viwanja Njiru na Ruai, wakajenga chumba kimoja kimoja. Shilingi 450 ya kila mwezi husaidia kununua saruji. Je, serikali itajenga kwa bei nafuu kuliko mtu anayejijengea mwenyewe na kuuhesabu kila msumari? La tatu: orodha iko wapi? Zimekusanywa fedha ngapi, zimejengwa nyumba ngapi, zimekamilika ngapi, na waliopewa funguo ni akina nani? Mtu aliyechangia harusi ana haki ya kujua idadi ya mbuzi waliochinjwa.

SISI WATU WA RELI NA DENI

Yafaa tuseme juu ya kazi yetu wenyewe, asije mtu akasema twaona kibanzi cha wengine. Reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwisho wa Mei 2017. Ilijengwa kwa fedha nyingi zilizokopwa China, na gharama yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 327. Tangu 2013 kila bidhaa iliyotoka ng'ambo kwa matumizi ya nchi hii ililipishwa ushuru wa reli, ulioanza na 1.5% ya thamani yake, isipokuwa zile zilizosamehewa. Kwa hiyo mama aliyenunua sufuria Gikomba alisaidia kulipia reli hiyo, ingawa hajawahi kuipanda. Mwaka 2019 ikasogezwa hadi bondeni upande wa Naivasha, nayo ikasimama hapo miaka mingi, ingawa nia ya kwanza ilikuwa ifike Malaba.

Reli imewapa wengi wetu mkate, nasi twaipenda kazi hii. Reli bora ni mali ya taifa. Lakini kuipenda reli si kupenda kila deni linalofanywa kwa jina lake. Kila mtu wa reli ajua ya kwamba gari la moshi haliondoki stesheni mpaka breki zake zimejaribiwa, hata kama abiria wana haraka, hata kama mkubwa yumo ndani ya behewa. Nchi yetu iliondoka bila kujaribu breki. Mwaka 2013 deni la taifa lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2. Kufikia Juni 2023 lilikuwa limepita trilioni 10. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yenyewe ndiyo haya yanayosomwa kila mwezi katika karatasi ya mshahara.

Ndiyo sababu hatushangai kwa yaliyotokea mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kuweka VAT ya 16% juu ya mkate na kodi ya 2.5% juu ya magari, pamoja na mengine. Vijana wakaingia barabarani. Tarehe 25 Juni waliingia hata katika majengo ya Bunge, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 50 waliokufa katika maandamano ya miezi ile. Hatusifu kuvunja maduka, wala kuchoma mali iliyonunuliwa kwa kodi yetu wenyewe. Lakini twalia pamoja na wazazi waliozika watoto. Damu hiyo isingalimwagika kama wakubwa wangalisikia mapema. Tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Rehoboamu mwana wa Sulemani, aliyeombwa na watu awapunguzie mzigo, akaacha shauri la wazee akafuata la rafiki zake. Aliamka asubuhi akiwa na makabila mawili tu kati ya kumi na mawili.

KARIBU ZAIDI NA NYUMBANI: CITY HALL

Ni rahisi kumlaumu aliye mbali. Tuje sasa karibu.

Mji wa Nairobi umeongozwa kwa kila namna. Bwana Charles Rubia alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika mwaka 1962. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa kwa sababu ya ubadhirifu, tukapewa Tume ya watu walioteuliwa. Ilikaa mpaka baada ya uchaguzi wa 1992, na mitaro ya Shauri Moyo haikuponywa nayo. Katiba ya 2010 ilituletea Kaunti, iliyoanza mwaka 2013, na mwaka 2020 kazi nyingine za Kaunti zikapewa idara ya NMS mpaka 2022. Kila mara tulibadilisha jina la ofisi, tukadhani tumebadilisha daftari.

Kaunti hupata fedha kutoka pande mbili. Hupata fungu kutoka Serikali ya Taifa, ambalo katika mwaka wa fedha wa 2023/24 lilikuwa kama shilingi bilioni 20. Tena hukusanya yenyewe: kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho ya magari, ushuru wa soko, kodi za nyumba zake. Mwaka huo wa 2023/24 ilikusanya zaidi ya bilioni 12. Sasa pimeni na deni. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mwaka baada ya mwaka ya kwamba Nairobi ndiyo ya kwanza kati ya kaunti zote 47 kwa madeni yasiyolipwa, nayo yamekuwa zaidi ya shilingi bilioni 80. Yaani kama Kaunti ingalichukua kila shilingi inayokusanya yenyewe kwa kiasi kile cha 2023/24, isimlipe mtu mshahara, isifagie hata barabara moja, ingalihitaji zaidi ya miaka sita kumaliza deni hilo.

Deni hilo si karatasi tu. Ndani yake yumo fundi wa mtaani aliyepaka rangi zahanati kwa fedha za mkopo, akauza gari lake akingoja malipo. Zimo pia fedha za pensheni zilizokatwa wafanya kazi na hazikufika kwenye mifuko yao. Chama chochote cha wafanya kazi kinachonyamaza juu ya jambo hilo hakistahili jina lake. Fedha iliyokatwa mshahara wa mtu kwa ajili ya uzee wake ni amana.

Na takataka? Kila nyumba ya Umoja, Donholm au Kayole humlipa kijana wa mkokoteni au wa lori abebe taka. Wakati huo huo Kaunti huweka fungu la fedha kwa kazi hiyo hiyo. Twalipa mara mbili, na bado lundo liko karibu na lango la shule. Mama mboga hukata tikiti ya soko kila siku akakaa katika matope. Kwa upande mwingine, orodha ya thamani ya viwanja iliyotumika kutoza kodi ya ardhi ilikuwa ya miaka ya mwanzo ya 1980, ikatumika karibu miaka 40. Mwenye ghorofa kumi mahali palipokuwa na kichaka alipimiwa kama mwenye kichaka, na kanjo alikuwa akimfukuza muuza mahindi ya kuchoma. Sisi husema kodi ziwe chache, ziwe za haki, na zilipwe na kila anayepaswa kuzilipa. Tajiri asiyelipa humwongezea maskini mzigo bila kumwambia.

SIASA ZA MTAANI

Ndugu, tusijifiche. Sehemu ya ugonjwa huu twaupika wenyewe. Nairobi ina wadi 85, na kila mwakilishi wadi ajua anachoulizwa anapotembelea mtaa. Haulizwi juu ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Aulizwa mchango wa matanga, karo, jezi za mpira, na "kitu kidogo cha chai". Mtu hawezi kutoa mia mbili kwa watu elfu bila kujua atairudishia wapi. Huirudishia katika kandarasi ya taa ambazo haziwaki. Basi mia mbili ile ni mkopo, nasi ndio wadhamini.

Tena jihadharini na mwanasiasa anayeahidi kazi za Kaunti kwa kila kijana. Kanuni za fedha za 2015 zasema mishahara isipite 35% ya mapato ya Kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka angalau 30% ya bajeti iende kwenye maendeleo. Tunao wanachama ambao wake zao au waume zao ni waajiriwa wa Kaunti, na mishahara yao huchelewa. Hatutaki mfagiaji au muuguzi afukuzwe. Lakini kila mtu anayeingizwa kazini kwa sababu ya ukoo au kura, asiye na kazi ya kufanya, ndiye anayechelewesha mshahara wa mfagiaji anayeamka saa kumi za usiku.

TUNAYOYATAKA

1. Kodi mpya au nyongeza yoyote isipitishwe, ya taifa au ya Kaunti, mpaka majibu ya ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu yamesomwa hadharani.

2. Kupunguza matumizi kuanzie juu: safari za ng'ambo, magari makubwa, posho za vikao, washauri wasiojulikana wanashauri nini.

3. Madeni ya Kaunti yalipwe kwa zamu, ya zamani na ya watu wadogo yakitangulia, na pensheni za wafanya kazi kabla ya yote.

4. Hesabu ya ushuru wa nyumba itangazwe kila baada ya miezi mitatu, mradi kwa mradi, kwa Kiswahili.

5. Mikutano ya maoni ya wananchi ifanyike jioni au Jumapili mchana, katika kumbi zetu za Kaloleni, Bahati na Jericho. Mkutano wa saa nne asubuhi Jumatano katika hoteli ya mjini si mkutano wa wafanya kazi.

KAZI YETU SISI

Kudai ni rahisi, na kazi ndiyo ngumu. Katiba, kifungu cha 201, yasema fedha za umma zitumike kwa uwazi na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini haki isiyotumiwa huota kutu kama reli isiyopitiwa na gari.

Basi bandikeni tarehe hizi ukutani. Tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka wa Kaunti huwa umepelekwa katika Bunge la Kaunti. Tarehe 31 Desemba ndiyo siku ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu kutoa ripoti yake ya mwaka uliopita. Tarehe 28 Februari hutoka karatasi ya mwelekeo wa fedha, yenye kusema kila idara itapata kiasi gani. Tarehe 30 Aprili makisio ya bajeti hufika mbele ya Bunge la Kaunti. Tarehe 30 Juni mlango hufungwa. Mwenye kutaka kusema na aseme kabla ya hapo.

Twaomba kila tawi lichague watu wawili, mmoja mwenye kujua hesabu na mmoja asiyeogopa watu. Wahudhurie mikutano hiyo, waandike, warudi kutusomea. Tawi lisilo na mtu wa hesabu limwendee mweka hazina wa SACCO au wa kanisa au wa msikiti. Watu hao wanajua kutafuta shilingi iliyopotea.

Tena tuanze nyumbani kwetu. Hesabu za kila tawi, za michango iliyoingia na fedha zilizotoka, zibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi. Hatuwezi kumwambia Gavana afungue daftari huku la kwetu limefungwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu mmoja.

Kura ijayo kwa mujibu wa Katiba ni Agosti 2027. Atakayekuja mtaani kwenu na mfuko wa fedha, mpokeeni kwa adabu, mpeni kiti na maji ya kunywa, kisha mwulizeni mambo matatu: Fedha hizi ni za nani? Utapunguza matumizi gani? Ripoti ya Mkaguzi uliisoma? Akishindwa kujibu, mwambieni kwa heri, na watoto wamsindikize mpaka barabarani.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi ndugu zenu,
Wahariri